Kabla Hujasaini Mkopo wa Pikapu ya Porini

Swali ambalo muuzaji hatakuuliza ni hili: mara ya mwisho uliacha lami lini? Wengi wetu tulioko Marekani tunatoka nyumbani kwenda kazini, tunapitia dukani, mwisho wa wiki ibada na sherehe za watu, basi. Lami tupu. Halafu unapishana na Ford Ranger Raptor, toleo la porini la pikapu ya Ranger, iliyoinuka juu ya matairi ya inchi 33 na moyo unakwenda mbio, maana kwetu dabo kebini ni gari la mkandarasi, la meneja wa mradi, la mtu aliyefika. Hamu hiyo haina ubaya. Ila ipigie hesabu kwanza.

Raptor ilipoingia soko la Marekani mwaka 2024, bei yake ilianzia zaidi ya dola 55,000, kodi na bima bado. Ukikopa dola 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 6, utalipa karibu dola 877 kila mwezi, na riba peke yake itapita dola 13,000. Kama una nyumba unayojenga kijijini, unajua fedha hizo zingefika kwenye mstari gani wa matofali. Omba pia makadirio ya bima ya gari hilohilo, kwa namba yake ya chasisi, kabla ya kusaini. Watu huuliza bima baada ya kukabidhiwa funguo, na hapo ndipo kilio huanza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukilipia toleo la porini, uwezo wa gari kubeba na kuvuta mara nyingi unapungua. Ranger ya kawaida inaweza kuvuta hadi pauni 7,500, yaani kama tani 3.4. Raptor, yenye injini ya V6 na nguvu farasi 405, inaishia pauni 5,510. Chevrolet Colorado nayo ni hivyohivyo: matoleo mengine yakifungwa vifaa vya kuvutia yanafika pauni 7,700, lakini ZR2, yule mbabe wa miamba, anaishia 6,000. Sababu ni kwamba springi na shokapu zake zimetengenezwa kumeza mashimo kwa mwendo, ziwe laini na zicheze sana. Mzigo mzito unataka kitu kigumu. Kwa hiyo kama una biashara ya kukata nyasi au kuhamisha watu nyumba na unavuta trela kila siku, toleo la bei ndogo litakufaa zaidi kuliko la bei kubwa.

Ukiwa kwa muuzaji, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichopo kwenye nguzo yake. Kimeandikwa uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja, kwa kilo na kwa pauni. Kikisema kilo 500, watu wazima watano wa kilo 80 wamekwishakula 400. Zinabaki kilo 100 za mizigo. Gunia moja la mahindi, basi.

Wapo wanaolihitaji kweli gari la porini. Ukiishi Utah, Arizona au Colorado, ardhi ya umma ni kubwa na njia za mawe na mchanga zipo. Ukipenda kupiga kambi au kuwinda, utalitumia. Texas ni habari nyingine: karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, utaishia kulizungusha kwenye maegesho. Na wa Minnesota msidanganyike kwamba theluji ndiyo sababu. Foo wili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Kwenye barafu kinachokuokoa ni matairi ya baridi, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, na hayo hufungwa hata kwenye Corolla.

Kwa maoni yangu, anayetaka pikapu ya njia mbovu aangalie daraja la kati. Toyota Tacoma TRD Off-Road na Nissan Frontier PRO-4X yenye foo wili zote zina difloki ya nyuma, inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, na gia ya chini ya kutokea kwenye matope, kwa bei iliyo chini sana ya matoleo ya kifahari. Kinachokosekana ni zile shokapu za kurukia matuta jangwani. Wewe unaruka matuta?

Kisha kuna ndoto ya "nikirudi nitalipakia kwenye kontena." Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, ukiondoa machache ya shughuli maalumu, wala haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania na Uganda nako magari hupita kushoto. Kwa ndugu wa Congo, Burundi na Rwanda usukani si tatizo, lakini spea ni tatizo. Tacoma si Hilux, hata kama nembo ni moja: injini zake za Marekani ni za petroli, na fundi wa Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, aliyezoea Hilux ya dizeli atakwambia uagize kifaa huko huko ulikotoka.

Ukiamua kununua iliyotumika, ingia uvunguni na tochi. Mikwaruzo mirefu kwenye bamba la kukinga injini ina maana aliyetangulia alilitumia kweli, na shokapu huenda zimechoka. Kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani, gongagonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa kuelekea nyuma. Tacoma za 2005 hadi 2010 zilikuwa na kesi maarufu ya fremu kuoza kwa kutu, ambayo Toyota ilikubali kuimaliza mwaka 2016. Ukikutana na ya miaka hiyo, dai karatasi inayoonyesha kama fremu ilikaguliwa au kubadilishwa. Asipokuwa nayo, pita.