Kupunguza tanga kuu la katamarani kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria

Mashua ya mwili mmoja ikizidiwa na upepo huinama, nahodha akajua. Katamarani, chombo cha miili miwili, haiinami. Husimama wima huku mzigo wote ukibebwa na mlingoti na nyaya zake, mpaka kitu kikatike au omo, yaani ncha ya mbele, izame na chombo kipinduke. Kwa hiyo usingoje kuhisi. Tazama kipima upepo. Upepo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 28, nguvu inayolisukuma tanga hukaribia kuwa maradufu. Kwa katamarani ndogo yenye kibanda, weka mkunjo wa kwanza (kunja sehemu ya chini ya tanga ili libaki dogo) upepo ukikaribia 30, yaani mapovu meupe yakishatapakaa ziwani. Jedwali la mtengenezaji likitaka mapema zaidi, lifuate hilo.

Cha kuogopwa zaidi ni safari ya kurudi. Alasiri upepo wa ziwa huingia ghubani kutoka magharibi, basi anayetoka kisiwa cha Ndere kwenda Dunga, upande wa mashariki karibu na Kisumu, huwa nao mgongoni. Ukienda kilomita 12 kwa saa mbele ya upepo wa 35, usoni unahisi 23 tu. Siku ukilazimika kugeuka ndipo utaupata wote, na mwendo wako juu yake. Wala huwezi kulishusha tanga palepale, kwa sababu limekandamizwa kwenye nyaya na fito zilizo ndani yake hunasa. Punguza kabla ya kuanza kurudi.

Angalia kwanza kama mbele kuna magugu maji. Yakinasa usukani, chombo hakitageuka. Elekea upepo kwa digrii 50 hivi, tanga la mbele likiendelea kuvuta ili usipoteze mwendo. Legeza demani, kamba ya kulivutia tanga kuu, hadi tanga lipepee. Kaza kamba inayoning'iniza bumu, ule mti wa chini ya tanga, usije ukamponda mtu kichwa. Shusha henza, kamba ya kupandishia tanga, hadi kwenye alama (ishonee uzi wa rangi ukiwa bado umetia nanga), tia pete ya mbele kwenye ndoano iliyo shingoni mwa bumu, kisha kaza henza tena mpaka ukingo wa mbele unyooke kabisa. Hapo tu ndipo uvute kamba ya mkunjo kwa winchi, hadi pete ya nyuma ilale juu ya bumu. Legeza kamba inayoning'iniza bumu, vuta demani, endelea.

Ukianza na nyuma, henza haitakaza. Nyuma ikibaki legelege, tanga hufanya tumbo, na tumbo ndilo linalovuta zaidi, wakati ulitaka livute kidogo. Vikamba vya katikati, kati ya pete ya mbele na ya nyuma, ni vya kukusanya kitambaa kilicholegea tu. Ukivikaza, mzigo huhamia kwenye matundu yake na tanga huchanika. Vifunge kwa fundo la kufunguka upesi. Na siku ya kulirudisha tanga lote, fungua vyote, vihesabu, ndipo uguse kamba ya mkunjo au henza: kimoja kikisahaulika chatosha kulipasua.