Unatafuta kambi ya tenisi na ni mtu mzima? Anza na hili

Kitu cha kwanza usiangalie picha za bwawa la kuogelea, uliza kocha mmoja anakaa na wachezaji wangapi uwanjani. Wanne ni sawa kabisa, wakifika wanane utakuwa unapanga foleni kupiga mpira ambao ungeupiga bure tu na jirani yako.

Pili level yako, na hapa sema ukweli. Kambi nyingi za Marekani wanatumia NTRP, yaani alama za kupima kiwango cha mchezaji, inaanzia 1.5 mpaka 7.0, sisi wa wikendi wengi tuko kwenye 3.0 hivi, ukijipandisha utawekwa na watu wanaokupita mbali na wiki nzima utakuwa mwokota mipira.

Halafu uwanja jamani, watu wanausahau. Ukienda Mallorca, kile kisiwa cha Hispania, kwa akademi ya mchezaji Rafael Nadal pale mji wa Manacor kuna viwanja vya udongo na vya simiti, kwenye udongo mpira unapungua kasi na kudunda juu, rali, yaani kurudishiana mpira mpaka mmoja akosee, zinakuwa ndefu, kwa hiyo kama goti linasumbua udongo ni afadhali ila pumzi lazima uwe nayo. Na wewe unayecheza Nairobi, huko juu mita 1,700 na kitu mpira unaruka mbali, ukishuka pwani au Ulaya baharini utaona mipira yako inaishia kwenye neti, jipe siku moja ya kuzoea kabla kambi haijaanza.

Masaa pia uliza. Matatu kwa siku yanatosha, matano bega litakushtaki. Bei waambie wakuandikie, kama chakula na mipira vimo au la.