Namna ya kuzungumza na kijiji kuhusu mvua iliyobadilika: mwongozo kutoka Kilolo

Wiki iliyopita binti mmoja aliyeajiriwa karibuni kuwa afisa kilimo wa kata huku Iringa alinipigia simu usiku. Kesho yake alitakiwa kuongoza mkutano wa kijiji kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na alichopewa kazini ni flashi yenye picha za barafu inayoyeyuka. Tuliongea mpaka saa sita. Naandika hapa niliyomwambia, pamoja na yale ambayo usiku ule hayakuenea, kwa sababu najua wapo wengine wanaotumwa hivyohivyo. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa katika vijiji vya Kilolo na Mufindi, na vichache vya upande wa Mbeya.

Hatua ya 1: Piga hodi, chagua siku

Barua kwa mtendaji wa kijiji, simu kwa mwenyekiti, wenyeviti wa vitongoji watangaze. Siku isiwe ya gulio. Miezi mizuri ni Agosti hadi Oktoba, mahindi yameshavunwa na mvua haijaja. Asubuhi watu wako vinyunguni, yaani kwenye mashamba ya mabondeni, hivyo anza saa 8 mchana na saa 11 uwe umefunga. Kaeni chini ya mti. Ofisini watu huongea kiofisi.

Usitoe posho. Pika makande, chemsha chai, mle pamoja. Watu wakishazoea bahasha watakujibu kile wanachodhani mwenye bahasha anataka kukisikia.

Hatua ya 2: Neno “tabianchi” lisitangulie

Mara yangu ya kwanza nilisimama nikasema tumekuja kuzungumzia utunzaji wa mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Mkutano ukapoa. Baada ya muda mzee mmoja akauliza, “Kwa hiyo mmekuja kutufungia vinyungu?” Hakuna nilichosema baada ya hapo kilichosikilizwa.

Kwa asiye wa huku: vinyungu ni mashamba ya mabondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Hapo ndipo zinapotoka njegere, maharage, mboga na mahindi ya kuchoma, na ndipo inapotoka ada ya shule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na kwa mwanakijiji neno “mazingira” limekuwa likija na amri ya kutoka bondeni. Kama hukutumwa kwa ajili ya sheria hiyo, sema hivyo mwanzoni kabisa, na ukiulizwa juu yake usijifanye hakimu. Omba mtu wa ofisi ya bonde la maji, inayosimamia mito, aitwe siku nyingine.

Siku hizi nikishasema “Kamwene” na kuitikiwa, nauliza swali moja tu: “Mwaka huu mlipanda lini?” Wakishabishana kidogo naongeza la pili: “Na baba yako alikuwa anapanda lini?” Hapo mkutano umeanza wenyewe.

Hatua ya 3: Kalenda ya mvua kwa punje za mahindi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyonichosha kuliko zote mpaka nikaijua. Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Gawa watu makundi matatu: wanawake, wanaume, vijana. Usiwachanganye. Ukiwachanganya, wazee wa kiume wawili watapanga punje na wengine wote watatazama. Kila kundi lichore kwa majivu ardhini mstari wenye vyumba kumi na viwili, kila chumba mwezi. Anzia Novemba. Ukianzia Januari kama kalenda ya ukutani unaukata msimu wetu katikati, na watu watahangaika kuunganisha Desemba iliyo mwisho wa mstari na Januari iliyo mwanzo. Sisi mvua yetu ni moja, inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na kalenda ifuate hivyo.

Kisha wagawie punje. Hapa sikiliza vizuri. Katika kijiji kimoja nilimwaga mahindi katikati nikasema kila kundi lichukue kiasi linachotaka. Kundi moja lilitumia konzi nzima kwa mwezi mmoja, lingine likatumia punje tatu tatu. Tulipokusanyika kulinganisha, hakuna kilicholingana na chochote. Tulirudia mara mbili, jua likazama, kina mama wakaondoka kwenda kupika, na nikabaki na karatasi zisizosema kitu. Tangu hapo nahesabu: punje 50 kwa kila kundi kwa kalenda ya kwanza, ambayo ni ya zamani. Wazigawe zote kwenye miezi, mwezi wenye mvua nyingi upate nyingi.

Kalenda ya pili, ya miaka hii, wachore chini ya ile ya kwanza. Usiwape tena 50 na kuwalazimisha wazimalize, kwa maana utakuwa umeshaamua wewe kwamba mvua ni ileile. Wape 50 na bakuli lenye nyingine pembeni, uwaambie: mkiona mvua imepungua, rudisheni bakulini, mkiona imeongezeka, chukueni, lakini kila punje inayoingia au kutoka ielezwe na aliyeishika. Maelezo hayo ndiyo mazungumzo uliyoyafuata. Andika maneno yao kama yalivyo.

Sasa “zamani” ni lini? Ukiacha neno hilo lining'inie, kila mtu atachukua mwaka wake mzuri kuliko yote na kuufanya uwe miaka yote. Zamani hugeuka nchi ya neema ambako hapakuwahi kuwa na njaa, na hilo si kweli. Wazee wenyewe wana majina ya miaka ya njaa. Fungia kwenye tukio: mwaka wa Operesheni Vijiji, 1974. Mwaka vijana walipokwenda vita ya Kagera, msimu wa 1978 kuingia 1979. Mvua za El Nino za 1997 na 1998. Mwaka aliofariki Mwalimu, 1999. Kwa mama, uliza mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza; hatakosea kama siku hiyo ilikuwa matope au vumbi. Chagueni mwaka mmoja wa kawaida, si wa njaa wala wa mafuriko, kalenda ya kwanza iwe ya mwaka huo.

Kumbukumbu huhitaji kitu cha kushikia, na huku Iringa kipo: ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi michanga hugemwa wakati wa mvua. Mwulize mgema alifunga mbeta za kwanza, vile vyombo vya kukingia ulanzi, mwezi gani mwaka ule na mwezi gani mwaka huu, atakujibu bila kufikiri. Kina mama waulize palizi ya kwanza ilikutana na sikukuu ipi, na kuni zilianza kulowa lini. Majibu ya wanawake na wanaume yatatofautiana. Usipatanishe. Ziache kalenda zote ardhini, makundi yatembeleane na kuulizana yenyewe. Wewe kaa kimya, hata kama unaona kosa. Nimewaona wataalamu wakiinama kusogeza punje ya mwanakijiji ili ikae “panapostahili”, na kuanzia hapo kalenda ikawa yao.

Jambo moja utaliona mara kwa mara. Bibi mmoja wa Kilolo alizitoa punje tatu kwenye chumba cha Novemba cha miaka hii, akazishika kiganjani, akasogea Desemba, akasita, akaenda mpaka Februari, akarudi. Mwishowe akasema, “Hizi sijui niziweke wapi. Mvua ipo, ila haina mwezi.” Kundi zima likanyamaza. Hakusema mvua imepungua. Alikuwa anasema mpangilio umevurugika: inanyesha wiki moja, watu wanapanda, inakata wiki tatu, mbegu inaozea ardhini au kuchomwa na jua, wananunua nyingine. Kama ungeuliza tu “mvua zimepungua au zimeongezeka?” usingelipata hilo hata kwa siku nzima.

Kabla ya kuzoa punje, nakili kalenda zote kwenye karatasi za manila kwa maka peni, piga na picha. Kuku hawasubiri.

Watu huniuliza kwa nini situmii projekta. Projekta inataka giza, umeme na mtu mmoja mwenye rimoti. Punje kila mtu anazishika.

Hatua ya 4: Tenga la angani na la mikono yetu

Sasa tu ndipo unapoweza kueleza sayansi, kwa maana sasa wana swali: imekuwaje? Epuka kuibebesha tabianchi kila kitu. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Waliouchunguza wameona sababu kubwa ni maji yanayochepushwa juu kule Usangu kwa ajili ya umwagiliaji. Ukiwaambia watu mto umekaushwa na viwanda vya Ulaya, mwenye mfereji atafurahi sana. Vivyo hivyo mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi: hilo ni la kwetu na linarekebishwa na sisi.

Kwa hiyo nachora safu tatu: yanayotokana na mikono yetu hapa, yanayotokana na wa juu yetu mtoni, yanayotokana na dunia nzima. Waache wao wapange. Mengine yataingia safu mbili, na ni sawa.

La dunia nzima nalieleza kwa sakitu, ile baridi kali inayogandisha umande. Kila mkulima wa viazi huku anajua sakitu haidondoki usiku wa mawingu. Inakuja usiku mweupe wa nyota, Juni na Julai, asubuhi majani yamekuwa kama yamechemshwa. Waulize kwa nini. Watakujibu wenyewe: mawingu yanazuia joto la ardhi lisiondoke. Basi ipo hewa isiyoonekana, hewa ya ukaa, nayo huzuia joto, mchana na usiku, juu ya dunia yote. Inatoka kwenye makaa ya mawe, petroli, dizeli na misitu inayochomwa. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, 280 zilikuwa za hewa hiyo. Leo zimepita 420. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa imepanda joto kwa wastani wa nyuzi 1.1 ukilinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, ndiyo maana mvua ikija inaweza kuja kwa kishindo, na ikikata, udongo hukauka haraka.

Atauliza mtu: “Sisi wenye jembe la mkono kosa letu liko wapi?” Jibu ukweli. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haikutoka kwetu, ilitoka nchi zilizotangulia kuwa na viwanda. Usiukwepe uchungu wa swali hilo wala usiuharakishe. Ukiukubali, watu watakuwa tayari kuongelea safu ya kwanza bila kuona wanashtakiwa.

Hatua ya 5: Atakayesema ni mapenzi ya Mungu

Yupo kila kijiji. Usibishane naye. Mwalike mchungaji, katekista au shehe mapema, akae mkutanoni kama mkulima. Mchungaji mmoja alimjibu mwumini wake kwa habari ya Yusufu kule Misri: alijulishwa njaa inakuja, akajenga maghala. Mimi nisingeweza kusema vizuri hivyo.

Hatua ya 6: Utabiri

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Msimu, wa Novemba hadi Aprili, kwa mikoa yetu ya mvua moja. “Wastani hadi chini ya wastani” huwachanganya watu, wengine husikia “hainyeshi”. Weka maharage kumi kwenye kibuyu: matano mekundu yawe mvua ya wastani, matatu meupe chini ya wastani, mawili meusi juu ya wastani. Mtoto atoe moja bila kutazama, alirudishe, atoe tena. Wataona kuwa jekundu lina nafasi kubwa, na bado jeusi hutoka. Waambie pia utabiri wa msimu ni wa eneo kubwa, wa siku kumi na wa kila siku upo, waufuate huo wakati wa kupanda.

Hatua ya 7: Waachie kipima mvua na kalenda yao

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, yenye kuta zilizonyooka. Yenye kiuno au mikunjo haifai. Kata kichwa, kigeuze kiwe mrija wa kupokelea. Weka kokoto chini, mimina maji yafunike kokoto mpaka sehemu iliyonyooka, chora mstari wa sifuri, bandika rula ya shule kuanzia hapo. Iwe kwenye uwanja wa shule, mbali na mti na bati. Wanafunzi wasome kila siku saa 3 asubuhi, waandike kwenye daftari, wapunguze maji mpaka mstarini. Waeleze wazazi kwamba milimita 10 kwenye ekari moja ni kama lita 40,000. Hesabu hiyo huwashangaza, na ndipo wanapouliza maji hayo yote hukimbilia wapi kama shamba halina matuta.

Karatasi za manila zibaki ofisi ya kijiji, wewe ondoka na picha. Mwombe mtendaji aweke mazungumzo haya kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila miezi mitatu, na yaliyokubaliwa yaingie kwenye muhtasari: nani atang'oa mikaratusi ya chemchemi, lini, nani atakagua.

Novemba, ukisikia kwamba mvua ya kwanza imenyesha huko, mpigie mwalimu wa zamu. Muulize daftari linasema milimita ngapi, halafu muulize nani ameshapanda.