Kuandika riwaya ya mauaji: wafuate waliobaki

Riwaya nyingi za upelelezi humsahau marehemu mara tu mpelelezi anapoanza kumsaka mhalifu. Ukitaka kuonyesha muuaji amewafanyia nini watu ambao hakuwagusa, panga kazi hivi.

Hatua ya 1. Chagua watu watano, wasizidi. Tuseme dereva wa bodaboda kauawa Manzese, Dar es Salaam. Orodhesha: mkewe, mwenye pikipiki aliyekuwa akipokea hesabu kila jioni, mwenzake wa kijiweni, mama wa muuaji, na mtoto wa muuaji aliye darasa la tano. Wawili lazima watoke upande wa muuaji, la sivyo kitabu kizima kitakuwa maombolezo.

Hatua ya 2. Kwa kila mmoja jibu maswali matatu: alikuwa akidaiana nini na marehemu? Habari kaipata kwa nani? Kitu gani hawezi tena kukifanya? "Ana huzuni" si jibu. "Hanunui tena nyanya kwenye genge lile, kwa sababu muuzaji ni mama wa muuaji" ni jibu, na linabeba sura nzima.

Hatua ya 3. Fuata taratibu za kweli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwili wa aliyeuawa haukabidhiwi kwa ndugu kabla daktari hajaufanyia uchunguzi. Familia ya Kiislamu inataka kuzika siku hiyohiyo, na inasubiri nje ya mochwari ya Muhimbili: mvutano tayari upo, huhitaji kuongeza risasi. Mshtakiwa anaweza kusomewa shtaka kwa hakimu, katika mahakama ya Kisutu, lakini kwa kawaida hatakiwi kujibu lolote, maana kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu. Dhamana hana. Upelelezi haujakamilika, kesi inapigwa kalenda, kisha inapigwa tena. Kila tarehe mjane anaomba ruhusa kazini, na mama wa mshtakiwa anapanda daladala ileile. Wakalishe kiti kimoja. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, ila Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994; mtoto wa muuaji atakua huku hukumu ya baba yake ikining'inia tu.

Hatua ya 4. Andika misiba miwili, siku moja. Kwa marehemu kuna turubai, daftari la michango, kinamama na masufuria. Kwa muuaji hakuna turubai. Wapangaji wanahama kimyakimya, na jirani anayepita hajui kama atoe pole au anyamaze. Sura hii usiikimbize.

Hatua ya 5. Katika sura 30, muuaji apewe 4 au 5. Ukimwachia kurasa kumi za kueleza utoto wake, waliobaki watageuka wapambe wake. Tendo lenyewe linatosha nusu ukurasa.

Hukumu isiwe mwisho: ongeza angalau sura mbili baada yake, maana mwenye pikipiki bado anadai chake kwa mjane. Rasimu ikikamilika, ziondoe sura zote za muuaji, usome zilizobaki. Hadithi ikianguka, rudi hatua ya 2.