Somo: jinsi ya kutumia characteristic bila kubabaika

Wadau wa Mbeya, Tukuyu na Iringa habari zenu, leo tushike hili neno characteristic maana sisi tunaotembeza wageni tunalihitaji kila siku na wengi bado wanalikwepa.

Kwanza matamshi. Ile ch ya mwanzo isome k, ke-rik-te-RIS-tik, nguvu weka kwenye RIS.

Pili maana yake. Ni sifa inayomtambulisha mtu au kitu, yani ukiiona au ukiisikia tu unajua huyu ni fulani. Chukua kipunji, yule kima wetu wa Mlima Rungwe, wanasayansi wamemtangaza mwaka 2005 ila Wanyakyusa walishamjua kwa jina lake zamani tu, ana manyoya marefu yamesimama utosini na sauti yake ni kama kubweka halafu inatokea puani, ukishaisikia mara moja huichanganyi tena. Basi unamwambia mgeni: The kipunji has a characteristic call. Hapo umesema kitu, sio kusema tu nice call, hiyo haimsaidii mgeni kabisa.

Tatu, linakaa wapi. Kabla ya nomino kama hapo juu, au baada ya is na likifuatwa na of: That smell is characteristic of Kyela rice. Ni of jamani, sio for. Kwa tabia ya mtu: It is characteristic of him to help strangers, yani ndo zake kusaidia asiowajua.

MASWALI

Mwalimu, naweza kusema I am characteristic?
Hapana mkuu, itabaki inaelea. Sema sifa yenyewe, I am patient, au Patience is one of my characteristics. Hapo limekuwa nomino ndo maana limechukua s, likiwa kivumishi halichukui s hata kama vitu ni vingi.

Na typical je, si ni yaleyale?
Yanakaribiana, wakati mwingine unaweza kubadilishana. Ila typical inaegemea kwenye ukawaida: ukungu asubuhi Mufindi, a typical morning, ndo asubuhi zao zilivyo. Characteristic inaegemea kwenye utambulisho.

Mtu mpole sana akifoka ghafla tunasemaje?
Unaweka un mbele: That was uncharacteristic of her. Hilo zuri sana, litumieni.