Kusaka maji yaliyojificha chini ya lami ya paa la ghala

Masika iliyopita niliitwa kwenye ghala moja hapa Tanga, upande wa Chumbageni. Paa ni zege bapa. Juu ya zege wamepanga mbao za stairofomu za kuzuia joto, ile nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, kisha wakafunika kwa lami ya kuchoma. Paa linavuja, na mwenye ghala alikuwa ameshamwaga lami mara tatu juu ya doa lile lile la maji linalotokea ndani. Kila masika lami, kila masika doa. Tulipokuja kugundua, maji yalikuwa yakiingilia kwenye mlizamu, yaani tundu la kutolea maji ya paa, mita nane kutoka doa lilipo, yakitembea kwenye maungio ya stairofomu hadi yakapata ufa wa zege wa kushukia.

Kwa hiyo fundi mwenzangu, usianzie kwenye doa. Fanya hivi.

1. Panda mchana, bila kifaa chochote. Chora paa kwenye karatasi: milizamu, viyoyozi, matundu ya mabomba, viraka vya zamani, kuta za pembeni. Tembea taratibu. Panapobonyea kama godoro, tia alama. Lakini paa gumu chini ya mguu si ushahidi wa ukavu. Nimewahi kukata mahali pagumu kabisa nikakuta maji yametulia humo. Angalia pia mabati ya plastiki ya kuingizia mwanga, usije ukayakanyaga ukatumbukia, maana utarudi hapa gizani. Usije peke yako.

2. Chagua siku. Paa liwe halijanyeshewa kwa siku nzima, na jua liwe limewaka mpaka jioni. Kaskazi ya Januari na Februari inafaa sana. Masika unavizia tu. Upepo wa bahari ukizidi kilomita 25 kwa saa, ahirisha, kwa sababu unapoza paa lote na tofauti unayoitafuta inapotea.

3. Rudi na kamera ya joto baada ya magharibi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kamera haioni maji, inaona joto la juu ya lami tu. Maji hunywa joto jingi kabla hayajapata moto, na yakishalipata hayaliachii upesi: sufuria ya uji itaendelea kukuunguza wakati ile tupu uliyoiepua pamoja nayo imeshapoa. Stairofomu iliyoloa imekaa na jua la mchana tumboni. Usiku, kavu inapoa, iliyoloa inabaki na vuguvugu, na kwenye kioo unaona kipande kinang'aa.

Mara ya kwanza nilikodi kamera nikapanda saa nane mchana. Paa zima rangi moja! Nikarudisha kamera, hela nikalipa. Siku hizi naanza saa moja na nusu usiku, na kufikia saa nne niwe nimemaliza.

Tazama umbo. Kwenye stairofomu, sehemu iliyoloa mara nyingi hufuata ubao wake: kingo zimenyooka, pembe zinaonekana. Pamba ya kioo, inayowekwa kwenye mapaa mengine badala ya stairofomu, hulowa kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Joto lisilo na mpaka, linalofifia kidogo kidogo pembeni mwa kiyoyozi, litilie shaka. Huenda ni pumzi ya mashine tu. Kuta za pembeni nazo hutoa joto usiku, na kiraka chenye lami nene hukaa na moto hata kikiwa kikavu. Paa lililopakwa rangi ya fedha ndilo baya zaidi: linaakisi anga, kamera inakupa ubaridi wa uongo. Hapo usiiamini, nenda hatua ya nne.

Zungushia chaki hapo hapo, ukiwa unaona. Picha peke yake haitoshi. Asubuhi, picha ya simu na paa havitambuani.

4. Asubuhi, pima kwa kipima unyevu, aina inayowekwa juu bila kutoboa. Anza mahali unapojua ni pakavu, sifuri yako iwe hapo, kisha pima kila mita moja, ndani na nje ya chaki. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Chumvi ya bahari juu ya lami hunyonya unyevu wa hewa na kifaa kinapiga kelele bure. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, acha jua likaushe, ndipo upime. Lami yenye karatasi ya alumini inakidanganya kifaa hiki pia.

5. Kata na upime uzito. Kamera na kipima vinashuku tu, kisu ndicho shahidi. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 ndani ya chaki na kingine nje. Funga kila kimoja kwenye mfuko wa plastiki papo hapo. Mzani wa jikoni hautoshi, mimi huazima wa sonara. Pima kila kipande kama kilivyotoka, kisha kikaushe kwa joto la chini, nyuzi 50 hivi, maana stairofomu ikipata moto zaidi inanywea. Pima tena mpaka uzito usipungue.

Mfano: kipande cha unene wa sentimita 5, kikavu gramu 8, kilikuwa gramu 56. Maji ni gramu 48, yaani asilimia 600 ya uzito mkavu. Mwenye jengo akisikia atadhani unamtapeli. Mweleze kwamba stairofomu ni nyepesi mno. Kwa ujazo, maji hayo ni kama sehemu moja tu ya kumi ya kipande.

6. Ziba tundu saa hiyo hiyo, kabla hujashuka kunywa chai. Stairofomu kavu, lami, moto wa gesi wa kuichomea, kingo zipishane vizuri. Kisha mpe mwenye jengo mchoro wenye mita za mraba zilizoloa. Hizo ndizo za kung'oa, na unang'oa mpaka ukutane na ubao mkavu, hata kama umevuka chaki.