Presha ya mapafu: mpime mgonjwa akiwa anatembea

Baba yangu alivunja kokoto Kunduchi miaka mingi, na vumbi la mawe likamwachia makovu kwenye mapafu. Kikohozi tulishakizoea. Kilichonitia hofu ni pumzi: kutoka chumbani hadi bombani, hatua kama ishirini, alisimama mara mbili akishika ukuta, na picha ya eksirei ilikuwa ileile ya mwaka uliopita. Nikasema ni uzee. Nilikosea.

Makovu hubana mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu, na upungufu wa oksijeni huizidishia kusinyaa, hivyo presha ya damu ndani yake hupanda. Hiyo ndiyo presha ya mapafu. Moyo upande wa kulia husukuma kwa nguvu mpaka unachoka. Presha hii haionekani kwa kipimo cha mkononi. Ya baba mkononi ilikuwa nzuri kabisa.

Nunua kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Kidole kisiwe cha baridi, kisiwe na piko wala rangi ya kucha. Mpime amekaa, kisha atembee uani kwa mwendo wake kifaa kikiwa kidoleni, wewe ubavuni na kiti. Baba akikaa alikuwa na oksijeni asilimia 94. Kufika bombani, 83. Ikishuka chini ya 88, au akisikia kizunguzungu, mkalishe palepale. Andika daftarini namba zote mbili na tarehe. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko hali halisi, basi mtazame na midomo.

Jioni mbonyeze kwa dole gumba juu ya kifundo cha mguu. Shimo likibaki, maji yamejaa mguuni, na huenda ni moyo unaochoka.

Daftari hilo lipeleke kliniki, uulizie eko ya moyo, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, wanaifanya. Eko hukisia tu. Uhakika hupatikana kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, na wastani wa presha kwenye mshipa wa mapafu ukizidi milimita 20 za zebaki, presha ya mapafu ipo.

Usimpe dawa za mgonjwa mwingine, tafadhali sana. Ambrisentani na riosiguati, zinazowasaidia wengine wenye presha ya mapafu, kwenye majaribio ziliwadhuru wenye makovu.

Akiandikiwa mashine ya oksijeni, LUKU isiishe na mtungi wa akiba uwepo. Jiko la mkaa lihamie mbali na dirisha lake.

Akizimia, usingoje tarehe ya kliniki. Ita bajaji usiku huohuo.